Gari Jekundu Lenye Klachi

Wamama wa chama chetu waliponiuliza nataka zawadi gani kwa kutimiza miaka hamsini, niliwaambia nataka kupanda gari la mbio. Aliyekuwa akimimina chai alisahau, kikombe kikajaa mpaka kikamwagikia sahani.

Siwalaumu. Katika chama chetu pale Columbia Heights, huku Marekani, mama akifikisha hamsini kuna utaratibu wake. Anashonewa kitenge, wenzake wanashona sare, mbuzi anatafutwa kwa mkulima fulani huko nje ya mji, keki inaletwa, tunaimba, tunapigwa picha kando ya ziwa, basi. Mwenyekiti wetu alikuwa ameshachagua hata rangi ya kitambaa. Sasa mimi, nesi mzima, mwimbaji wa sauti ya kwanza kanisani, nakuja na habari za magari ya mbio kama kijana aliyetoka kunyoa kiduku.

Mwenyekiti akaniambia, bila ubaya wowote, kwamba hata hilo gari letu wenyewe siendeshi. Hapo alinigusa penye kidonda, maana ilikuwa kweli.

Niliacha kuendesha baada ya asubuhi moja ya Januari. Nilikuwa natoka kazini, niko juu ya daraja la mto Mississippi, na ile barafu isiyoonekana, ile inayojifanya lami, ikanishika magurudumu. Gari likazunguka. Likazunguka tena. Liliposimama lilikuwa linatazama lilikotoka, na magari yote ya barabara kuu yalikuwa yananijia usoni, taa zimewaka. Hakuna aliyenigonga. Walinikwepa mmoja baada ya mwingine, na mimi nimekaa pale nimeshika usukani nikitaja jina la Yesu, mengine yote yamenitoka kichwani. Polisi alikuja akasimamisha magari, nikageuza, nikaenda nyumbani bila hata mkwaruzo.

Lakini tangu siku hiyo, nikikaribia mahali pa kuingilia barabara kuu, mikono ilikufa ganzi. Kwanza nikawa napita barabara za ndani. Halafu nikahamia kwenye basi. Mwisho mume wangu akawa ndiye dereva wangu, kazini, kanisani, dukani, na mimi kando yake na mkoba mapajani kama mgeni aliyetoka kupokewa uwanja wa ndege. Watu walidhani nadekezwa. Wacha tu. Niliona aibu mpaka nikawa mkali kwa kila mtu nyumbani, hata kwa paka wa jirani.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo kama si ile kazi. Nilianza nchi hii nikiogesha wazee, nikasoma huku nalea watoto, huku nafanya shifti za usiku, mpaka nikawa nesi kamili. Na majira yale ya machipuko mkubwa wangu wa kazi aliniita ofisini akaniambia kuna nafasi ya nesi wa kutembelea wagonjwa majumbani, kuanzia Oakdale kushuka mpaka Inver Grove Heights. Kazi ya mchana. Hakuna kunyanyua watu wazito mpaka mgongo ulie. Kazi niliyoiombea kwa magoti! Ila lazima nesi aendeshe mwenyewe, kila siku, kwenye ile barabara kuu inayouzunguka mji. Alinipa mpaka mwisho wa kiangazi nimpe jibu. Nilimshukuru, nikaenda chooni, nikalia.

Nilijaribu shule ya udereva. Mwalimu alinizungusha kwenye maegesho ya duka, akiniambia nimefanya vizuri sana kila nilipowasha indiketa. Mimi, niliyepita mtihani wa udereva Nakuru, niliyebeba viazi kwa pikapu ya baba yangu kwenye tope la magoti! Sikurudi. Shida yangu haikuwa kutojua. Mwili ndio uliokuwa umegoma, na sikuona jinsi ya kuubembeleza kwa kuuzungusha penye maegesho. Niliona afadhali niutishe zaidi kuliko ulivyokuwa umetishwa, nione kama utaamka. Kama ni upumbavu, ulikuwa upumbavu wangu mwenyewe.

Binti yangu wa mwisho, ambaye ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, alinifungulia kompyuta pale mezani jikoni tukaanza kuchagua. Kumbe biashara ya kukodishia watu mbio ni pana namna hii! Kulikuwa na wale wanaoleta magari kwenye maegesho ya uwanja wa mpira, wanapanga vikoni vya plastiki vya rangi ya machungwa, unapinda pinda katikati yake, unapigwa picha, unaenda zako. Kulikuwa na wengine wanaokutembeza kwenye barabara za kawaida ukiwa umemfuata kiongozi mbele, kama msafara wa harusi. Na kulikuwa na uwanja wenyewe wa mashindano, kaskazini, zaidi ya saa mbili kutoka mjini, wenye kona za kweli na sehemu moja ndefu iliyonyooka ambapo unaruhusiwa kukanyaga mafuta.

Binti alipenda vikoni kwa sababu ni karibu. Mume wangu, aliyekuwa akijifanya anatazama taarifa ya habari, akasema bora vikoni, kikoni hakijawahi kuua mtu. Kila mmoja alikuwa ananichagulia. Nikawaambia asante, nikachukua simu nikapiga kule kaskazini.

Mwanamume aliyepokea alitegemea nimuulize nguvu za injini. Mimi nilimuuliza kama kile kiti kinaweza kumwingiza mama mwenye makalio ya Kiafrika. Akakohoa, akasema kinaweza. Nikamuuliza kama mwalimu anakaa na mimi ndani ya gari. Akasema muda wote. Halafu nikamuuliza lile lililonipigisha simu: je, kuna gari lolote linaloweza kunijia kutoka mbele?

Nafikiri hakuwahi kuulizwa. "Hapana, mama," akasema taratibu. "Hapa kila mtu anaelekea upande mmoja."

Machozi yalinilengalenga, simu ikiwa bado sikioni. Nikamwambia binti afunge kompyuta, nimeshachagua.

Sasa, kwetu zawadi hainunuliwi na mwenyewe. Nilimpa mwenyekiti jina la ule uwanja, yeye akakusanya michango, akaenda kununua tiketi kwenye mtandao. Ni mtu makini, huko nyumbani alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, na hakuna anayeweza kumshika kwa kosa la sarufi. Alikuta zinauzwa tiketi za namna mbili. Ya kwanza ni ya kuendesha gari la mbio. Ya pili ni ya kukaa kando ya bingwa, yeye akuendeshe. Akayakumbuka maneno yangu jinsi nilivyoyatamka siku ile sebuleni kwake. Nilisema nataka kupanda. Akanunua ya kupanda.

Mimi sikujua. Hakuna aliyejua kwamba kuna kosa. Tulifunga safari Jumamosi moja mwisho wa Agosti, na Jumatatu yake nilikuwa natakiwa kumpa mkubwa wangu jibu la kazi. Mume wangu alikuwa kwenye usukani, mimi kando yake, binti na mwenyekiti nyuma na kapu la chapati, mayai ya kuchemsha na chupa mbili za chai. Mwenyekiti alituombea tangu tulipotoka mjini mpaka St. Cloud. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya raba vipya na nilikuwa nimejikaza kisabuni.

Pale mapokezi palikuwa na msichana aliyevaa kofia ya besiboli. Alitafuta jina langu, akatabasamu, akaniambia nitafurahi mno, bingwa wao ni mpole, nikisikia kizunguzungu niinue mkono atapunguza mwendo. Nikamwambia nadhani kuna makosa, mimi ndiye nitakayeendesha. Akageuza kompyuta nikaona kwa macho yangu. Abiria.

Nikamgeukia mwenyekiti.

"Si ulisema kupanda?" akaniuliza.

"Nilisema kupanda."

"Basi?"

Basi nini? Hasira ilinipanda toka kwenye unyayo. Kiswahili chenyewe kilikuwa kimeniuza. Nilitaka kusema maneno ambayo mwimbaji wa sauti ya kwanza hasemi, lakini nikauona uso wa yule mama, jinsi ulivyokuwa unaporomoka kadiri alivyokuwa anaelewa, nikameza. Mume wangu akasema si vibaya, nitapata upepo. Binti akasema kwa Kiingereza chake kwamba hata hiyo bado ni poa sana. Msichana wa kofia akasema wengi hupenda ya abiria kuliko ile nyingine. Wote walikuwa wananituliza, wananisogeza taratibu kuelekea kiti cha kando, kiti kile kile nilichokaa majira mawili ya baridi mfululizo, na nikaona wazi kabisa kwamba nikikubali leo, Jumatatu nitampigia mkubwa wangu nimwambie hapana, na nitakufa nikiwa abiria.

"Sikuja hapa kupandishwa," nikasema kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa wote. Halafu nikamwambia msichana kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba naomba gari la kuendesha, lolote, hata liwe bovu.

Akapekua. Yote yalikuwa yamechukuliwa mpaka jioni. La njano limechukuliwa, la kijani limechukuliwa, jeusi limechukuliwa. Kisha akasita, akasema kwa kweli kuna moja halina mtu, lile jekundu la Kiitaliano pale mwisho, lakini ni la zamani kidogo na watu hawalitaki. Nikamuuliza lina ugonjwa gani. Akasema, kama mtu anayetoa pole ya msiba, kwamba gia zake ni za mkono. Lina klachi.

Mume wangu ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashika kaunta. Mtu huyu aliniona mara ya kwanza nikishuka kutoka kwenye ile pikapu ya viazi, nimejaa matope mpaka kwenye nyusi, na amewahi kuniambia kwamba siku ile ndiyo aliyonipendea. Nikacheka na mimi. Mwenyekiti akacheka huku anafuta machozi. Yule msichana alitutazama akidhani tumechanganyikiwa. Kabla sijafungua mkoba, mume wangu alikuwa ameshaweka kadi yake mezani ya kulipia nyongeza.

"Mpeni ufunguo," akamwambia kwa Kiswahili, naye akaelewa.

Mwalimu wangu alikuwa mama wa makamo, nywele nyeupe amezisuka mkia mmoja, sauti ya mkwaruzo. Tulihangaika wote wawili kuishindilia helmeti juu ya rasta zangu mpya. Kiti kilikuwa chini mno, niliingia kwa kutanguliza makalio na kumwachia Mungu mengine, na kweli, kilinitosha. Akaniuliza kama nina uhakika na klachi. Nikamwambia asiwe na wasiwasi, nimeendesha klachi tangu nikiwa msichana.

Nikawasha. Lile gari liliunguruma mgongoni mwangu nikahisi meno yanacheza. Nikakanyaga klachi, mkono wa kushoto ukaruka kutafuta gia, ukagonga mlango pwaa!

Nikajaribu tena. Pwaa!

Mwalimu akaniuliza kwa adabu kama nataka kushuka. Wee! Nikamweleza: kwetu Kenya dereva anakaa kulia, gia iko kushoto kwake. Huku Marekani nilikuwa nimeendesha magari ya kujibadilishia gia yenyewe, mkono wangu haukuwa umepata sababu ya kujua kwamba mambo yamegeuzwa. Miguu ilikuwa inakumbuka kila kitu, mkono nao ulikuwa umebaki Nakuru. Yule mama alicheka mpaka helmeti yake ikagonga dirisha. Akanigonga mkono wa kulia kwa kidole, akauambia mkono wenyewe, si mimi, kwamba leo zamu ni yake.

Tukaondoka. Lilizimika mara moja mbele ya watu wote, nikaliwasha, klachi ikashika, tukaondoka kweli. Mzunguko wa kwanza nilikwenda kama nabeba mayai. Kila kona niliugonga ule mlango, na kila nilipougonga mwalimu alinishukuru kwa niaba ya mlango. Kufikia mzunguko wa pili mkono wa kulia ulikuwa umeshika kazi, na nilikuwa naisikia ile gia ya chuma ikiingia mahali pake, taratibu, kama kufuli ya nyumbani.

Ndipo nikatazama kioo nikaona taa.

Ni lile gari la njano, linakuja nyuma yangu kwa kasi, taa zimewaka. Mikono ikafa ganzi. Nilikuwa juu ya daraja tena, Januari, na nilijisikia nikianza kutaja jina la Yesu. Mguu ulitaka kukanyaga breki nisimame pale pale katikati ya njia.

Mwalimu hakupandisha sauti. Akaniambia yule hana ruhusa ya kunipita. Hapa hakuna anayempita mwenzake mpaka aliye mbele atake. Nikiwa sitaki, atakaa huko nyuma mpaka jioni. Nikitaka, nitoe mkono dirishani nimwonyeshe upande.

"Mpaka mimi nitake?" nikamuuliza.

"Mpaka wewe utake."

Niliendesha kona nzima nikiwa nimembana pale nyuma, na sioni haya kusema kwamba nilifanya kusudi. Alikuwa anaunguruma, amewasha taa zake zote, na hakuwa na la kunifanya. Pumzi ikarudi. Vidole vikarudi. Kisha nikatoa mkono wangu wa kushoto nje ya dirisha, ule uliokuwa hauna kazi, nikamwonyesha: haya, pita. Akapita, akanipungia asante, akaenda zake. Nilimtazama akitokomea nikasema kwa sauti, ndani ya helmeti, nenda mwanangu, nenda na amani.

Baada ya hapo sina maelezo marefu. Tulitokea kwenye ile sehemu iliyonyooka, mwalimu akanyoosha kidole mbele, nikakanyaga. Nikaweka gia ya tatu, nikaweka ya nne, kiti kikanisukuma mgongoni, miti ikawa rangi tu, na nilipiga ukelele ambao sijaupiga tangu nilipozaa mtoto wa kwanza, ila huu ulikuwa wa furaha tupu. Penye kona nikafunga breki kwa nguvu zangu zote, na lile gari likatulia chini yangu, limenyooka, linangoja niseme. Mzunguko wa mwisho nililikuta lile la kijani mbele yangu likienda polepole. Dereva akaniona kwenye kioo. Akatoa mkono wake dirishani, akanionyesha nipite. Nikapita, mimi na makalio yangu.

Nikashuka. Mwenyekiti alikuwa kwenye uzio na alipiga vigelegele vya harusi, Wamarekani wakageuka kutafuta aliyeumia. Yule mama wa nywele nyeupe akanishika mkono wa kulia, akasema angependa kuuaga mkono wenyewe. Binti yangu alinikumbatia nikiwa bado na helmeti kichwani na akaniambia kwa Kiswahili, cha kukatika katika lakini Kiswahili, "Mama, wewe ni moto."

Tulikula chapati kwenye nyasi. Tulipomaliza kukunja vyombo nikamnyooshea mume wangu mkono. Hakuniuliza mkono wa nini. Alitoa ufunguo wa gari letu mfukoni, akaushika kidogo, akanipa, akazunguka akaenda kufungua mlango wa upande mwingine.

Nilianza na barabara ya mji mdogo, kisha ya mashambani, kisha tukafika St. Cloud penye ile njia ya kuingilia barabara kuu. Mikono ilianza mambo yake. Nikaiacha ianze. Nikawasha indiketa, nikatazama kioo, nikaingia. Malori yalinipita kulia na kushoto na kila lililopita nililiambia kimoyomoyo, haya, pita. Nyuma chapati zilikuwa zimeshafanya kazi yake, mwenyekiti amelala mdomo wazi, binti amemwegemea bega. Tulipokaribia mji, jua bado lipo, nikaliona daraja la Mississippi. Nikalivuka. Lilikuwa fupi kuliko nilivyokuwa nakumbuka.

Nikageuka nimwambie mume wangu, nikamkuta naye amelala. Amelala usingizi mzito, kichwa kimeanguka upande wangu, mikono wazi mapajani. Mtu aliyenibeba majira mawili ya baridi, alfajiri na jioni, bila kulalamika hata siku moja, sikuwa nimewahi kujiuliza amechoka kiasi gani.

Sikumwamsha. Exit yetu, ile njia ya kutokea kwenda nyumbani, ilipofika nikaiacha ipite. Nikaendelea mashariki na ile barabara inayouzunguka mji, magari yamejaa kila upande, nikapita Maplewood, nikaingia Oakdale. Hapo ndipo alipofumbua macho. Akatazama kibao kimoja, akatazama cha pili, akajiinua kwenye kiti.

"Tumepotea?"

"La," nikamwambia. "Hii ndiyo njia ya kazini kwangu."

Alitazama mikono yangu kwenye usukani. Kisha akalaza kiti nyuma, akafunga macho, akalala tena.